Herufi Iliyoanza Kinyume

Nyumbani,
Jumamosi asubuhi.

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Hiyo ni ya kwako. Ya shemeji mpe mkononi, na wapwa zangu wagawie salamu zangu kila mmoja kwa ukubwa wake. Je, mgongo umeanza kukuachia usingizi? Na shemeji, bado anabishana na daktari kuhusu chumvi? Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto lina siku zake, kama mvua, lakini ngazi napanda na kushuka. Wifi yako ni mzima, cherehani yake inalia toka asubuhi, na amenituma nikuambie kwamba kile kitambaa cha maua ulichomletea amekishona, kimemkaa, na sasa kukivua ndiyo shida.

Barua yako niliipata wiki tano zilizopita. Najua umeshasema moyoni kwamba huyu mdogo wako amekuwa mtu mkubwa, hajibu barua. Si hivyo. Nilianza kukujibu mara tatu na mara tatu nikachana karatasi. Sababu ni ndefu kidogo, kwa hiyo tafuta miwani yako, weka chai karibu, nikuelezee taratibu.

Kibanda changu kiko palepale, kati ya mtu wa fotokopi na fundi viatu. Mihuri ya kuchonga kwa mkono imepungua sana. Siku hizi mtu anapeleka maneno yake kwenye mashine, mashine inayachoma kwenye mpira, na kabla hajamaliza kupiga miayo muhuri uko tayari. Wanaobaki kwangu ni wenye mihuri ya zamani ya shaba iliyolika herufi, na wale wanaopenda kupiga soga na mtu aliye kazini. Hao wa pili ndio wengi.

Siku moja akaja mama mmoja mfupi, miwani ameifunga kamba shingoni, ameshika muhuri wa shaba uliofungwa kwenye leso kama yai. Akaniambia ni muhuri wa jumba la makumbusho, herufi zimelika, nizinoe. Nikautazama kwa lenzi yangu, nikamwambia nitaunoa, ila ajue kwamba uchongaji huu ni wa watu wawili: mstari wa juu ni wa mtu mmoja na mstari wa chini ni wa mwingine. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia wa juu alikuwa akiinua mkono kila mwisho wa herufi, wa chini alikuwa akivuta tu mpaka chuma kiteleze. Akanitazama kama unavyomtazama mgonjwa anayekuambia mwenyewe dawa anayoitaka. Akaniachia muhuri, akaondoka. Kesho yake akarudi. Alikuwa amekwenda kufukua majalada ya zamani, akakuta kweli fundi wa kwanza aliugua katikati ya kazi na mwingine akaja kuimalizia.

Mama huyo ndiye mtunza sarafu wa pale. Wenzake wanamwita Mama Mizani, kwa sababu hakuna kitu kinachopita mbele yake bila kupimwa uzito, na nasikia hata mikate ya kantini aliwahi kuipima. Akaniomba nimsaidie jambo. Aliniambia ana sarafu ya Warumi wa kale ambayo imemnyima raha, na kwamba swali lake si la vitabu tena, ni la mikono.

Basi nikafunga kibanda, nikaenda. Wifi yako alinilazimisha kuvaa shati jeupe. Chumba chenyewe kiko nyuma kabisa ya jumba, hakina dirisha kubwa, na kabati zake zina droo nyembamba nyembamba kama trei za kuokea. Ukivuta droo, unakuta vishimo vya duara vimetandikwa kitambaa cha kijani, na kila kishimo kina sarafu yake na kikaratasi chake. Mezani pana mizani iliyofunikwa kioo ili hata pumzi yako isiisumbue. Pana pia ile hadubini, ambayo wewe unaijua kutoka maabara ya hospitali. Akaninawisha mikono mara mbili kabla sijagusa kitu. Nilikukumbuka wewe.

Sarafu yenyewe si kubwa, ni kama kifungo cha koti. Imetoka kwenye mkusanyiko wa mzee mmoja mpimaji ardhi, ambaye maisha yake yote alinunua sarafu za kale huko alikosafiri, na alipokufa akaliachia jumba kwa wosia. Upande mmoja una kichwa cha kaisari mwenye ndevu fupi, amevaa taji la miali kama jua. Upande wa pili kuna mwanamke amesimama na tawi mkononi, maneno yamemzunguka. Ukiitazama haraka huoni cha ajabu. Lakini Mama Mizani alinieleza kwamba yule mwanamke na maneno yake ni alama ya kaisari mwingine, aliyetawala baada ya huyu mwenye ndevu kufa, na ilikuwa ikipigwa katika mji mwingine kabisa, safari ya wiki kadhaa kutoka mji wa yule wa kwanza. Ni sawa na kukuta barua ya hospitali yako yenye sahihi ya bosi aliyekwisha kufa na muhuri mpya wa hospitali ya mji mwingine.

Sasa inawezekanaje? Akasema kuna njia mbili. Wakati ule sarafu zilipigwa kwa mihuri miwili ya chuma iliyochongwa kinyumenyume, kama ninavyochonga mimi. Mmoja umekaa chini kwenye fuawe, lile chuma la kugongea, mwingine umeshikwa mkononi, kipande cha madini kinawekwa katikati, nyundo inashuka. Njia ya kwanza: karakana ya serikali ya mji wa pili ilikuwa na muhuri mkuukuu wa kaisari aliyekufa, uliohamishiwa pale, mtu akauchukua kwa bahati mbaya akauoanisha na muhuri mpya. Hapo sarafu ni rasmi, ni kosa la wenyewe, na kwa kuwa hakuna nyingine ya aina hiyo inayojulikana, ni lulu. Njia ya pili: mtu wa pembeni, asiye na ruhusa ya mtu, alichukua sarafu mbili tofauti zilizokuwa mfukoni mwake, akaiga uso wa moja na mgongo wa nyingine. Hapo ni ya kuiga. Uzito wake haukusema kitu, ulikuwa unafaa kotekote. Aliwaandikia wataalamu wawili wa mbali. Mmoja akasema rasmi, mwingine akasema hata kidogo.

Na Mkurugenzi wa jumba alikuwa ameshachagua. Usimdhanie mtu mbaya. Ni mrefu, mpole, suruali imemlegea, ana wasiwasi wa mtu mwenye nyumba kubwa na wageni wachache. Aliniambia mwenyewe kwamba kuna siku wanaoingia ni wale tu wanaokimbia mvua. Alikuwa ameagiza sanduku la kioo lenye taa yake, kadi za mwaliko zimeshachapishwa, na juu yazo pameandikwa: sarafu pekee duniani. Kilichobaki ni Mama Mizani kutia sahihi kwenye maelezo, na Mama Mizani alikuwa amegoma. Akasema hasaini kitu alichokielewa nusu. Ndipo wakakubaliana niitwe mimi niseme kama pande zile mbili zimechongwa na mkono mmoja au mikono miwili.

Siku ya kwanza niliitazama tu. Nilikaa kwenye hadubini mpaka shingo ikakauka. Jioni Mkurugenzi akachungulia akauliza vipi, nikamwambia bado tunajuana. Siku ya pili nikaona jambo la kwanza. Kwenye nywele za kaisari, kila mstari ulikuwa na ndugu yake mwembamba pembeni, kama uzi. Nikageuza sarafu. Kwenye vazi la mwanamke, uzi uleule. Hiyo ni alama ya chuma cha kuchongea kilichomeguka kidogo ncha. Badala ya kukata mfereji mmoja, kinakata mmoja na nusu. Chuma kimoja kilikuwa kimefanya kazi pande zote mbili.

Nikawaambia. Mama Mizani akaandika. Mkurugenzi akafikiri, akasema jambo ambalo si la kijinga: kwamba fundi anaweza kuhama mji na chuma chake mfukoni. Akaniuliza, kwani wewe ukihama, si utahama na vyuma vyako? Nikasema ndiyo. Tukarudi tulipokuwa.

Siku ya tatu nilianza kusoma herufi, moja baada ya nyingine, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikafika kwenye S ya kwanza ya upande wa mwanamke. Dada, niliinuka nikatembea mpaka mlangoni na kurudi. Nyuma ya ile S, hafifu, palikuwa na kivuli cha S nyingine inayotazama upande wa pili. Mtu alikuwa ameanza kuichonga kinyume, akagundua, akaigeuza na kuikata upya juu yake kwa nguvu zaidi ili kufunika. Nikatazama S ya pili: kivuli kipo, lakini kidogo, amewahi kujikamata. S ya tatu ilikuwa safi. Alikuwa anajifunza humohumo ndani ya kazi.

Nikueleze kwa nini hilo ni kubwa. Anayechonga mihuri kila siku, S yake ni ile ya kinyume. Hiyo ndiyo mkono wake unaijua. Mimi ya kawaida ndiyo inanipa taabu. Wifi yako ameshawaonyesha majirani karatasi niliyomwandikia ya vitu vya sokoni, sukari imeanza na S iliyogeuka. Lakini mtu anayeiga, mbele yake ameweka sarafu iliyokwisha kupigwa, anaona S imesimama sawasawa, na mkono unafuata jicho. Anaichonga kama anavyoiona. Katikati ndipo anakumbuka kwamba ikipigwa itatoka imegeuka kinyume, ndipo anaanza kuhangaika. Fundi wa karakana ya serikali, aliyechonga S elfu moja kabla ya hiyo, hawezi kukosea ya kwanza, akajikwaa kidogo kwenye ya pili, akanyooka kwenye ya tatu. Huyo ni mwanafunzi. Ana mkono mzuri sana, kichwa cha kaisari kinakushawishi, lakini herufi alikuwa akizikuta kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Nilipomaliza kuwaeleza hayo, Mkurugenzi akaniuliza swali ambalo nilikuwa naliogopa. Akasema, "Fundi, mimi nakuheshimu, lakini nitawaambia watu nini? Hilo kosa umewahi kuliona mahali? Tuonyeshe hata moja."

Nikainamia tena hadubini. Mama Mizani naye akaniangalia akisubiri. Nikasema, tusiende mbali, tujaribu hapahapa. Nikaomba mche wa sabuni ya kufulia, mlinzi akaleta kutoka stoo. Nikaukata vipande, nikavilainisha, nikampa Mkurugenzi kipande kimoja na msumari mwembamba, nikamwekea mbele picha ya sarafu halali yenye maneno yaleyale. Nikamwambia achonge neno lile, akijua kwamba tutakandamiza nta juu yake na nta lazima isomeke. Akakunja mikono ya shati. Akasema hili jambo dogo, ukishajua kwamba ni kinyume umeshajua.

Alianza polepole, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Alipofika kwenye S akaichonga vizuri, imezunguka, ana mwandiko mzuri yule bwana. Alikuwa ameshaimaliza ndipo akasita. Akaitazama, akanitazama. Akasema, "Aa, hapana, ngoja," akaanza kuifunika. Mama Mizani aligeuka akawa anapanga kabati lisilohitaji kupangwa, mabega yanacheza. Tukakandamiza nta, tukaiweka chini ya hadubini kando ya sarafu. Kivuli kilekile. Akajaribu mlinzi, akakosea. Akajaribu dada wa mapokezi, naye akakosea, akasema kosa ni la sabuni. Mimi nikachonga S ishirini mbele yao bila kutazama picha, hata moja haikuanza vibaya.

Mkurugenzi akavua miwani akaifuta kwa tai. Nilidhani amekasirika. Akasema ameajiriwa miaka kumi na moja kulinda sarafu za watu na leo ndiyo mara ya kwanza amejua ilikuwaje kuzitengeneza. Kisha akaanza kucheka, na alipocheka sote tukapumua. Mama Mizani akaandika maelezo yake kwa uangalifu wake: kwamba kwa dalili za chuma kimoja na za mkono usiozoea herufi, sarafu hii yaelekea sana ni ya kuiga. Akasaini.

Ikabaki habari ya lile sanduku la kioo. Mkurugenzi alitaka kuliwekea kitu kingine, akisema nani atatoka nyumbani kwake kuja kuangalia bandia. Mama Mizani akapinga. Nilikuwa nimemzoea kama mtu wa kupima na kunyamaza, lakini siku ile alisema. Alisema zama zile serikali ililegea, sarafu ndogondogo zikaadimika sokoni, mtu ana kuku wa kuuza na mwenzake hana kitu cha kumpa. Watu wa pembeni wakajitengenezea zao. Wengine walikuwa wezi, ndiyo, lakini wengi walikuwa wanajaza pengo, na waliozipokea walijua vizuri wanachopokea. Akasema za makaisari zimejaa droo nne. Huyu ni mtu ambaye tumemwona akikosea na kujirekebisha, na hatuna mwingine kama yeye.

Basi ndivyo ilivyofanyika. Waliipiga picha ile S ikakuzwa kama mlango, wakaitundika ukutani, sarafu ikawa chini yake kwenye taa. Kando wakaweka meza yenye vipande vya sabuni na misumari, kila mgeni ajaribu. Dada, watu walijaa. Mtu mzima anaingia na tai yake, anatoka na sabuni kwenye kucha, anabishana na mkewe nani kakosea. Chini ya maelezo wameandika kwamba jumba linamshukuru fundi mihuri wa mjini. Wifi yako alisoma mara mbili, kisha akaninyoosha kola mbele za watu. Na sasa kila Jumatano naenda pale kuonyesha uchongaji. Nilidhani ufundi huu nitaufunga pamoja na kibanda. Kumbe bado una watu wanaoutaka. Nina raha ambayo sikuitarajia umri huu.

Kilichonivurugia raha hiyo ni neno moja la Mama Mizani. Siku ya mwisho, wakati anairudisha sarafu kwenye kitambaa kabla ya kupelekwa kwenye kioo, aliniambia bila kuniangalia, "Fundi, lile kosa ulilijua kabla hujaliona." Nikamjibu kwamba ni uzee wa kazi. Akasema sawa, akafunga droo. Nilitembea mpaka nyumbani nikijisikia mdogo.

Sasa vuta kiti ukae, Dada. Katika barua yako umenialika kwenye siku ya kuagwa kwako kazini. Umesema nafasi yangu ni mbele, karibu na shemeji, kwa sababu utawasimulia wauguzi wako vijana namna ulivyoingia chuo cha uuguzi, na namna mdogo wako alivyotembea kutwa nzima kwenye mvua kwenda na kurudi ili barua yako ipate muhuri kabla ya siku ya mwisho. Hadithi hiyo naijua. Uliisimulia kwenye harusi yako. Uliwasimulia wanao wakanipa jina la Mjomba Miguu. Uliisimulia juzijuzi tu nilipokuja, jirani yako akanishika mkono kwa heshima.

Dada, sikutembea.

Unakumbuka ilivyokuwa. Barua ya kukupendekeza chuoni Mwalimu Mkuu alikuwa ameshaiandika kwa mkono wake na kuisaini, lakini muhuri ulikuwa umefungiwa kabatini na karani, na karani amesafiri na ufunguo. Baba alikwenda mara mbili kwa mguu wake ule mbovu, akarudi na barua kama ilivyokuwa. Chuo kilisema bila muhuri hawapokei, na kesho yake ndiyo mwisho. Wewe ulikuwa jikoni unasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi. Sikuweza kukutazama. Nikasema nipeni mimi, labda karani amerudi, nikatoka na ile bahasha ndani ya shati.

Nilifika darajani. Maji yalikuwa juu, hakuna aliyekuwa akivuka. Nilisimama pale muda, kisha nikageuza njia, nikaenda karakana ya Bwana Nukta, fundi aliyekuwa akinifundisha kazi. Siku ile hakuwapo. Nilikuwa na mwaka mmoja tu wa kunoa vyuma na kufagia, herufi nilikuwa sijaruhusiwa kugusa. Nikatoa cheti changu cha kumaliza shule, nilichokuwa nimekiweka pale karakana tangu nianze kazi, ambacho kilikuwa na muhuri uleule, nikakiweka mbele yangu, nikachukua kipande cha mpira, nikaiga. S ya kwanza niliianza kama ninavyoiona. Nilipogundua, kisu kilikuwa kimeshapita. Nikaigeuza, nikaendelea, na S iliyofuata nikaiweza. Niligonga barua yako mara moja, na ilipokauka ilionekana kama ya kweli.

Kisha nikakaa stoo nikisubiri saa zipite, maana nilijua safari inachukua muda gani. Kabla ya kuingia nyumbani nilishuka kwenye mtaro wa maji nikalowesha viatu na suruali mpaka magotini. Muhuri wenyewe niliutupa chooni wiki ileile. Lakini hayo yote si kitu mbele ya lile lililofuata. Baba alinishika kwa mikono miwili. Mama akapasha maji. Na wewe, Dada yangu mkubwa, ulipiga magoti ukanivua viatu, ukaniosha miguu. Miguu ambayo ilikuwa imekaa kitako mchana kutwa. Niliinama nikakuacha uoshe.

Maneno ya ile barua yalikuwa kweli, na sahihi ilikuwa kweli. Nimejiambia hivyo miaka thelathini na minne. Lakini nakujua wewe. Nakujua ulivyomkatalia binamu yetu kumbadilishia tarehe ya kuzaliwa kwenye fomu, mpaka shangazi akasusa mwaka mzima. Najua kazi yako yote umeifanya ukitaka kila kitu kiwe ndivyo kilivyo. Ndiyo maana sikuwahi kuweza kukuambia, na ndiyo maana nachana karatasi. Kila uliposimulia, ilikuwa kama unaniosha miguu upya, na mimi nainama, nakuacha.

Barua hiyo, ambayo chuo kilikurudishia ulipohitimu, najua unayo kwenye fremu pale sebuleni, juu ya redio. Ukitaka kuhakikisha, ishushe, chukua lenzi unayosomea dawa, tazama S ya neno SHULE. Utaona uzi mweupe umeikata katikati. Huo ni mkono wangu nikiwa na miaka kumi na saba. Ukiona vyema kuirudisha ukutani, irudishe. Ukiona vyema kuiweka sandukuni, sitauliza. Ila kila mtoto uliyempokea kwa mikono yako umempokea wewe, hapo hapana muhuri wa mtu, wa kweli wala wa kuiga.

Kwenye sherehe yako nitakuja. Ukiisimulia ile safari nitakaa nikusikilize, na ukiiacha nitaelewa. Nilichotaka ni kwamba usiisimulie tena bila kujua. Niandikie tu mistari miwili uniambie nikae wapi, mbele au nyuma, na popote utakaposema ndipo nitakapokaa.

Wifi yako anakusalimu, hajui niliyoyaandika humu. Nitamwambia leo baada ya chakula. Msalimie shemeji, na umwambie chumvi aache, daktari ana haki. Wapwa wangu wabusu wote, hata yule aliyekuwa wa kwanza kuniita Mjomba Miguu. Mungu akulinde wewe na mgongo wako.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,

Wino.